Risasi Tuliyoilipia Sisi Wenyewe



Tuanze na kosa letu, kabla hatujasema neno juu ya makosa ya wengine.

Msimu wa mvua uliopita, tulipokuwa tunarudi Bukavu kutoka katika mkutano wa vijana, tulimkuta mtu kando ya barabara ya Kavumu akiuza mtoto wa kima. Alikuwa amefungwa kamba kiunoni, na mguu wake mmoja wa nyuma haukukanyaga chini. Watoto walikuwa wanamrushia maganda ya ndizi na kucheka. Tulisikia uchungu. Tulisogea kando, tukachanga, kila mmoja akatoa alichokuwa nacho, na baada ya kubishana bei tulimlipa muuzaji dola 15. Kesho yake tulimfikisha yule mnyama kwa watu wanaoijua kazi ya kuwatunza. Mganga wa wanyama alipolipapasa paja lake, aligusa kitu kidogo, kigumu, cha mviringo, chini ya ngozi. Ilikuwa punje ya risasi. Alitueleza kwamba mtoto wa umri ule hushikilia tumbo la mama yake usiku na mchana. Anayetaka kumpata mtoto humpiga mama, na punje huwa hazichagui.

Tulirudi nyumbani na furaha. Tulionyeshana picha katika simu, na katika sala ya jioni tulimshukuru Mungu kwa kutujalia kuokoa kiumbe chake. Wiki tatu baadaye tulipita njia ile ile. Muuzaji alikuwa pale pale, safari hii na watoto wawili. Alitutambua kwa mbali, akatuinulia mkono na kutuita: «Wateja wangu!»

Neno hilo limetunyima usingizi. Hakututukana, alisema kweli. Dola zetu 15 zilikuwa zimenunua kartushi nyingine, na kartushi hizo zilikuwa zimeua mama wengine wawili. Tulidhani tumelipia uhai, kumbe tulilipia risasi.

Ndiyo sababu tunaandika. Hoja yetu ni hii: kumtibu mnyama wa porini aliyejeruhiwa au aliyesumishwa na risasi ni kazi njema, na anayeidharau amekosea. Lakini tiba isiyoandamana na kuikomesha risasi yenyewe ni unafiki. Na sisi vijana wa parokia za Bukavu tumo ndani ya unafiki huo kuliko tunavyopenda kukiri.

Lugha yetu inaviita vitu viwili kwa jina moja. Risasi ni yale madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu; na risasi ni kile kinachotoka mdomoni mwa bunduki, ambacho huku kwetu wengi hukiita masasi. Jina ni moja kwa haki, maana tangu zamani punje za kartushi za uwindaji zimetengenezwa kwa madini hayo hayo. Mji wetu unaijua sana risasi kwa maana ya pili. Hakuna avenue isiyo na familia iliyozika mtu kwa sababu yake. Askofu Mkuu wetu Christophe Munzihirwa aliuawa hapa hapa, tarehe 29 Oktoba 1996. Lakini kwa maana ya kwanza, yaani madini, tunaijua kidogo mno. Tunajua kwamba risasi huua inapopiga. Hatujazingatia kwamba huua pia baada ya mlio wake kunyamaza.

Ndege wawindaji na wala mizoga ndio walioufundisha ulimwengu jambo hilo. Mwindaji anapompiga swala, risasi hupasuka ndani ya mwili vipande vidogo sana, vingine vikiwa kama vumbi, navyo hutawanyika katika nyama mbali na tundu la jeraha. Mwindaji huchukua nyama na kuacha matumbo porini. Au mnyama aliyejeruhiwa hukimbia, akafia mbali asipoonekana. Ndipo tai na tumbusi hushuka kula. Humeza nyama pamoja na vile vipande. Tumbo la ndege hao lina asidi kali, ambayo Muumba aliwapa ili waweze kuisafisha nchi na mizoga. Asidi hiyo ndiyo inayowaponza: huiyeyusha risasi, nayo ikaingia katika damu.

Mwili hauitambui sumu hii. Huidhania kuwa kalsiamu, ukaipokea kama mgeni mwema, ukaipeleka katika neva, katika misuli, katika ubongo, na kuiweka akiba ndani ya mifupa. Baada ya siku kadhaa mabawa hulegea, kichwa huinama, miguu hukunjika. Koo na utumbo hupooza, hata chakula kilichomezwa hakishuki tena. Ndege aliyekuwa akimwona panya kutoka juu ya mlima hawezi tena kuliona tawi lililo mbele yake. Hatimaye hufa kwa njaa, huku chakula kikiwa bado kooni mwake.

Akipatikana mapema, anaweza kupona. Wako watu duniani waliojitoa kwa kazi hiyo, na tunawaheshimu. Kwanza hupima damu ya ndege na kumpiga picha ya eksirei. Vipande vikionekana tumboni, humwosha tumbo mpaka vitoke. Kisha humpiga sindano za dawa inayoikamata risasi katika damu na kuitoa kwa njia ya figo. Humpa siku kadhaa, humpumzisha, humpima tena, hurudia. Humlisha kidogo kidogo, maana tumbo lililopooza halibebi chakula kizima. Akipata nguvu humwingiza katika banda refu ili ajifunze upya kuruka na kutua. Ni kazi ya majuma mengi, pengine ya miezi, kwa ajili ya ndege mmoja. Na siku ya kumwachia huru wote hulia machozi ya furaha.

Halafu je? Hapo ndipo tunapotaka kila msomaji asimame.

Huko California, Marekani, kuna ndege mkubwa mla mizoga aitwaye kondori. Mwaka 1982 walikuwa wamebaki 22 tu duniani kote. Mwaka 1987 kondori wa mwisho wa porini alikamatwa, wote wakawekwa katika mabanda ili wazae chini ya ulinzi, na tangu mwaka 1992 wameanza kurudishwa porini. Leo idadi yao imepita 500. Ni ushindi mkubwa. Lakini miaka hiyo yote walio porini wamekuwa wakikamatwa mara kwa mara, wakipimwa damu, wakikutwa na risasi, wakitibiwa, wakiachiwa. Nao wakirudi kula mizoga ile ile yenye risasi ile ile, wakikamatwa tena. Wako waliotibiwa mara nyingi katika maisha yao. Sumu ya risasi ndiyo iliyobaki kuwa muuaji wao mkuu. Waganga walitambua kwamba wanachota maji kwa kikapu. Ndipo hoja ikahama kutoka hospitali ya ndege kwenda kwenye sheria, na kuanzia tarehe 1 Julai 2019 jimbo lote la California limekataza kuwinda kwa risasi za madini hayo. Denmark ilikuwa imezikataza punje zake tangu mwaka 1996, na wawindaji wake wakaendelea kuwinda kwa punje za chuma, wala hakuna aliyekufa njaa.

Asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya wazungu. Mwaka 2018 watafiti waliochukua damu ya tumbusi 566 nchini Botswana walitangaza kwamba karibu theluthi moja walikuwa na risasi nyingi katika damu kuliko inavyopaswa, na kwamba hali ilikuwa mbaya zaidi katika majira ya uwindaji na mahali pa uwindaji.

Wala asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya ndege tu. Tumbusi anakula nyama ile ile tunayoila sisi. Tofauti ni kwamba yeye huanza na matumbo na sisi tunaanza na paja. Kima aliyepigwa kwa kartushi analetwa sokoni pamoja na punje zake. Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa sumu hiyo huingia katika ubongo ungali unakua. Mama anayempikia mtoto wake nyama hiyo hana nia mbaya. Lakini sumu haiulizi nia.

Kuna kijiji kandokando ya Mombasa, nchini Kenya, kiitwacho Owino Uhuru. Hapo kulijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani ili kupata risasi. Moshi na maji yake yaliwaingia watu. Watoto waliugua, mimba ziliharibika. Mama mmoja, Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mchanga aliugua pia, angeweza kukazana na hospitali na dawa peke yake. Hakufanya hivyo tu. Alidai kiwanda kifungwe, na mwaka 2014 kilifungwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wanakijiji walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Alielewa jambo ambalo sisi na dola zetu 15 hatukulielewa: kumpa mgonjwa dawa huku chanzo cha ugonjwa kikiendelea kutoa moshi ni kumdanganya mgonjwa na kujidanganya sisi wenyewe.

Tumesimulia habari za kondori, tumbusi na wana wa Owino Uhuru ili turudi kwetu tukiwa na macho mapya. Sisi tunayo Lwiro.

Kila kijana wa Bukavu amesikia habari zake. Njia ya Miti na Kavumu hutufikisha huko, pembeni ya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, katika majengo makubwa ambayo Wabelgiji waliyajenga kwa ajili ya utafiti wa sayansi. Mwaka 2002, vita ikiwa bado inaendelea, taasisi ya uhifadhi ICCN na kituo cha utafiti CRSN walianzisha hapo mahali pa kuwatunza sokwe na kima waliookolewa mikononi mwa wawindaji na wafanyabiashara. Leo kuna sokwe zaidi ya 100, pamoja na kima wengi wa aina mbalimbali. Wengi walifika wakiwa watoto: wamekonda, wana vidonda vya kamba viunoni, wengine vidole vimekatwa na mitego ya waya. Na katika makimbilio kama hayo barani Afrika, waganga hukuta punje za risasi katika miili ya sokwe ambao kwa nje wanaonekana wazima.

Tutafakari maana ya sokwe 100. Sokwe jike huzaa mara moja kwa miaka mitano au sita hivi. Mtoto wake hunyonya na kubebwa kwa miaka minne au mitano. Hakuna mama wa sokwe anayemtoa mwanawe akiwa hai. Na jamaa wa kundi nao husimama kumtetea, wakapigwa pamoja naye. Kwa hiyo kila mtoto anayefika Lwiro amepita juu ya mzoga wa mama yake, na mara nyingi juu ya mizoga zaidi ya mmoja. Tunapokwenda kumtembelea na kumpigia picha, tunamwona mmoja aliyebaki, kaburi hatulioni. Naye atahitaji kulishwa kwa miaka 40 au zaidi, kwa sababu kumrudisha sokwe msituni si kumfungulia mlango tu. Anahitaji kundi, anahitaji kujua chakula cha msituni, na zaidi ya yote anahitaji msitu usio na bunduki. Tumpe msitu upi?

Basi tunapoisifu Lwiro, na tunaisifu kwa haki, tujue tunasifu nini. Tunasifu watu wanaofunga vidonda ambavyo sisi tunaendelea kuvifungua. Kama kila mwaka hospitali inapanuliwa vitanda, si lazima iwe ishara kwamba nchi ina huruma. Yaweza kuwa ishara kwamba nchi haijaacha kupiga.

Hapa tunazisikia sauti tatu zikitupinga. Tuzijibu moja moja, maana si sauti za wapumbavu.

Sauti ya kwanza inasema: «Watu wanakufa. Mwezi wa Februari 2025 vita ilifika Kavumu na Bukavu. Ndugu zetu walikimbia na magodoro vichwani. Nanyi mnalilia kima?» Ndugu, anayesema hivyo ana jeraha la kweli, wala hatutalidharau. Lakini tunamuuliza: ni nani aliyewahi kupewa mkate ulionyang'anywa sokwe? Lwiro hununua matunda na mboga kwa wakulima wa vijiji vya jirani, na huwaajiri wanaume na wanawake wa hapo hapo. Ikifungwa kesho, hakuna mkimbizi mmoja atakayeshiba kwa hilo, ila familia nyingi zitalala na njaa. Zaidi ya hayo, mkono unaompiga sokwe na mkono unaompiga mwanadamu katika milima yetu mara nyingi ni mkono mmoja wenye bunduki moja. Bei ya koltani ilipopanda mwaka 2000, maelfu ya wachimbaji na watu wenye silaha waliingia katika hifadhi. Walilishwa nyama ya tembo, ya gorila na ya sokwe, na wakati huo huo vijiji viliporwa na mama zetu walidhalilishwa. Tembo wa sehemu ya milimani walimalizwa karibu wote. Hatukuwahi kupewa nafasi ya kuchagua kati ya amani ya watu na amani ya msitu. Zilivunjwa siku moja, na watu wale wale.

Sauti ya pili inasema: «Mwindaji ni maskini. Ana watoto. Mnamhukumu mkiwa mmeshiba.» Tunakubali nusu. Mtu aliyetega mtego kwa ajili ya chungu cha nyumbani, hatuna jiwe la kumtupia. Tuna deni la kumsaidia. Lakini tusijifiche nyuma yake. Nyama ya msitu inayopita usiku kuja mjini haiendi kwa maskini. Huliwa na mwenye pesa, anayejivunia mbele ya wageni kwamba amewapa kitu kisichopatikana kila siku. Imekuwa heshima ya karamu. Na mtoto wa sokwe hanunuliwi na mwenye njaa. Hununuliwa na mwenye ua, anayetaka kuonyesha kwamba anaweza. Maskini ndiye anayevuta kifyatulio, lakini kidole chake kinavutwa na mfuko wa mwingine. Tena sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa mazingira iko wazi, na anayekamatwa kwa kawaida ni yule mdogo wa kando ya njia, siyo mwenye karamu. Kuwatetea maskini kwa kula walichoua ni utetezi wa ajabu.

Sauti ya tatu ni nzito kuliko zote, nayo inatoka kwa Wambuti na Watwa wa msitu wenyewe: «Nyinyi mlitufukuza kwa jina la wanyama.» Hapa hatuna jibu la kujitetea, tuna la kukiri. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970, na katika miaka hiyo ya 1970 familia za Watwa zilitolewa katika msitu wa baba zao bila ardhi nyingine, bila fidia ya haki. Katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2024, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imesema kwamba haki zao zilivunjwa. Tunasema bila kupindapinda: anayempenda gorila na kumdharau Mtwa hampendi hata gorila, anapenda picha tu. Msitu uliotunzwa kwa dhuluma haukutunzika. Ulibaki bila wenyewe, na wenye bunduki wakaukuta wazi. Gorila wa mashariki ya Kongo, waliokadiriwa kuwa 17,000 katikati ya miaka ya 1990, walikadiriwa kuwa 3,800 tu mwaka 2016. Hesabu mpya ya mwaka 2021 imetupa matumaini kidogo, 6,800. Kuwarudishia Watwa haki zao hakupingani na kuwaokoa hao waliobaki. Ni sharti lake.

Sasa turudi kwetu, maana polemiki inayowapiga wengine tu ni mchezo wa ngumi hewani.

Katika waraka wake Laudato Si', wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alitufundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitengani. Tumeupigia makofi waraka huo katika semina nyingi. Tumepanda miti siku ya sikukuu na kusahau kuimwagilia. Lakini Kanisa lilikuwa limetufundisha jambo lingine la zamani zaidi, nalo linatosha kutuhukumu katika shauri hili. Tunapokwenda kuungama, haitoshi kujuta. Yatakiwa nia thabiti ya kutorudia, na kuziepuka nafasi za dhambi. Anayeungama wizi huku amekwisha kupanga wizi wa kesho hajaungama, ametoa taarifa. Tiba ya mnyama bila kuikomesha risasi ni maungamo ya namna hiyo. Jamii inalia juu ya kima mmoja Jumamosi, na Jumapili inaketi mezani.

Tunasema haya kama watu tulioitwa «wateja». Kwa hiyo, baada ya kutafakari pamoja, sisi wenyewe tumejiwekea masharti, nasi tunawasihi vijana wa parokia nyingine wayajadili.

La kwanza ni gumu kuliko yote: hatutanunua tena mnyama wa porini, hata kwa huruma, hata akilia. Makimbilio yanayojiheshimu barani Afrika hayanunui mnyama hata mmoja, na sasa tunaelewa sababu. Machozi yetu yakiwa na pesa ndani yake, yanakuwa soko. Badala yake tutapeleka habari kwa ICCN mara moja: mahali, siku, aina ya mnyama. Tunajua kwamba mara nyingine hawatafika kwa wakati, na kwamba mnyama yule mmoja atakufa mbele ya macho yetu. Tutaubeba uchungu huo. Ni afadhali kuliko kuulipia uchungu wa mwingine tusiyemwona.

La pili: nyama ya msitu haitaliwa katika karamu zetu, iwe ya ubatizo, ya arusi au ya upadirisho, na tukialikwa mahali inapoandaliwa, tutaiacha sahanini na kusema sababu, kwa adabu, mbele ya wakubwa. Wazee wetu watatushangaa. Kijana asiyethubutu kumshangaza mzee wake kwa jambo la haki bado hajakua.

La tatu: hatutasambaza tena picha wala video za watoto wa sokwe au kima waliovalishwa nguo na kunyweshwa chupa nyumbani kwa watu. Kila anayecheka anamfundisha mwingine kutamani.

La nne ni kwa ajili ya chungu, kwa sababu asiyempa mtu mboga hana haki ya kumkataza nyama. Mikono yetu inaweza kufuga. Dende, yaani simbilisi, huzaa haraka, hula majani na maganda ya jikoni, hawahitaji banda kubwa, na hata siku ya kukimbia mtu anaweza kuwabeba katika kikapu. Familia nyingi za Kivu ya Kusini zimeokoka nao katika miaka mibaya. Kila shirika letu likimpa jirani mmoja wa kandokando ya msitu majike wawili na dume mmoja, kwa masharti ya kumpa mwingine watoto wa kwanza, tutakuwa tumefanya zaidi ya dola 15 zilivyofanya. Na jirani wa kwanza kufikiriwa awe Mtwa.

La tano: tutaendelea kuisaidia Lwiro na kila mahali panapotibu, kwa mchango na kwa mikono. Hatukuandika ili kuikatisha tamaa kazi ya tiba. Mwewe anayezunguka juu ya Kadutu, akisafisha mabaki yetu bila malipo, akianguka ana haki ya mtu wa kumwinua. Lakini anayemwinua aulize pia: ni nani aliyemwangusha, na alilipwa na nani?

Mtoto yule wa kima bado yu hai. Mguu wake umepona, ingawa anachechemea kidogo. Tulipokwenda kumwona, alishika kidole cha mmoja wetu kupitia waya, akakiangalia kwa muda mrefu. Hatujui alikuwa anakumbuka nini. Sisi tulikumbuka wale wawili wa safari ya pili, ambao hatukuwanunua, na ambao siku iliyofuata hawakuwapo tena kando ya njia.

Maswali kwa kundi:

1. Katika familia zetu, nyama ya msitu huliwa lini, na ni nani anayeilipia?

2. Tumewahi kutoa msaada uliokuza tatizo tulilotaka kuliondoa? Tulilitambuaje?

3. Ni jirani gani wa msituni, na hasa Mtwa gani, ambaye kundi letu linaweza kumfikia kabla ya mwisho wa mwaka huu, nasi tutamwendea na nini mkononi?